Ukoko wa Kinu

Kazini walimwita Mama Vumbi, na yeye aliitikia bila kinyongo, maana jina lilimkaa. Alikuwa msagaji wa mawe katika maabara ya jiolojia ya chuo kikuu. Watu wengi wakiambiwa kwamba yupo mtu anayelipwa mshahara kusaga mawe hudhani wanataniwa. Mumewe, dereva mstaafu ambaye mdomo wake haukustaafu pamoja naye, alikuwa akiwaambia wageni sebuleni, "Huyu siku akifa hatuna haja ya kuchimba. Udongo wa kumfukia anao mwenyewe kichwani." Mama Vumbi alicheka kila mara, kisha akaenda kuoga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe likiletwa kutoka porini hukatwa vipande viwili. Kimoja huwekwa kabatini kwa akiba, kingine hukaushwa kwenye tanuri, huvunjwa kokoto, halafu hutiwa kwenye kinu. Kinu hicho si cha mtwangio. Ni bakuli zito la chuma lenye pete na kipande cha duara ndani yake. Likishafungwa kifuniko, mota hulitikisa kwa makelele mpaka jiwe liwe unga laini kama poda ya mtoto. Unga ndio unaoingizwa kwenye mashine ya kupimia, nayo husema jiwe lina nini ndani yake na kwa kiasi gani. Lakini kusaga ni kitu cha kitoto. Kazi ni kusafisha kinu kati ya jiwe na jiwe: kupuliza kwa pampu ya upepo, kusugua kwa brashi, kusaga mchanga mweupe safi ili ulambe mabaki, kuumwaga, kupuliza tena, kisha kupangusa kwa spiriti. Ukiruka hapo, jiwe la kwanza litasema ndani ya jiwe la pili, na mashine, ambayo haina akili ya kujua nani anaongea, itaandika tu.

Mama Vumbi hakuwa mtu wa kuruka. Wanafunzi walinong'ona kwamba sahani za nyumbani kwake hazipati nusu ya usafi wa kile kinu, na hawakukosea sana. Lilikuwa ndilo jambo moja duniani ambalo alijisifu nalo waziwazi. "Mimi sijasoma," alikuwa akisema, "lakini chuma changu unaweza kukilamba."

Sasa kulikuwa na binti mmoja aliyemwita Kokoto. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, na mdogo wake alipofariki, binti alihamia kwake akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi. Kila jioni alipitia maabara kumsubiri mama yake mkubwa, akajaza mifuko ya sare kwa vijiwe vya sakafuni mpaka mishono ikaachia. Ndipo jina likaja. Mama Vumbi alishona mifuko ile mara nyingi kuliko alivyotaka, akigomba, huku moyoni akifurahi. Miaka ikaenda, Kokoto akaingia chuo kilekile, akasomea mawe yaleyale, na sasa alikuwa anaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Ukimwona Mama Vumbi akipita kwenye korido nyuma ya binti yule, ungedhani ni yeye aliyefaulu mitihani.

Tasnifu ilihusu ukuta wa majivu. Barabara mpya ilikuwa imekata kilima nje ya mji, ikaacha ukuta mrefu ulio wazi, na ukuta wote ulikuwa majivu ya volkano ya zamani sana, yaliyoganda yakawa mwamba. Chini ukuta ulikuwa mweupe, juu ulikuwa wa kijivu kizito karibu na weusi. Kokoto alimweleza mama yake mkubwa siku moja wakichambua mchele mezani.

"Huo ukuta ni tumbo la mlima lililopinduliwa, mama mkubwa."

"Tumbo tena?"

"Sikiliza basi. Chini ya mlima kuna chumba cha mawe yaliyoyeyuka, magma. Yakikaa muda mrefu yanajipanga. Yale mepesi, meupe, yenye gesi nyingi, yanakaa juu. Mazito meusi yanakaa chini. Siku mlima ukipasuka, kinachotoka kwanza ni nini?"

"Cha juu, si ndicho kilicho mlangoni."

"Haya. Kinatoka cheupe, kinaporomoka na majivu ya moto mpaka bondeni, kinalala. Halafu kinafuata cheusi kutoka chini kabisa, kinalala juu ya cheupe. Kwa hiyo ukitaka kujua chumba kilikuwaje, unausoma ukuta kichwa chini miguu juu."

Mama Vumbi aliinua ungo akautazama mchele, akasema kumbe hata mlima unatapika kwa mpangilio. Kokoto alicheka hadi akamwaga punje sakafuni.

Lakini kulikuwa na ubishi, na ubishi huo ndio uliobeba tasnifu nzima. Kokoto alikuwa amekaa chini ya ukuta ule siku nyingi juani, na alikuwa ameona mstari. Weupe ulifika mahali ukakoma, weusi ukaanza, bila kupokezana. Kama ni hivyo, basi chumba hakikuwa na magma moja iliyojipanga polepole. Vilikuwa vitu viwili: magma nyeupe iliyokuwa imekaa kimya, na nyeusi ya moto iliyoingia kutoka chini kwa ghafla, ikauamsha mlima. Profesa, msimamizi wake, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakukubali. Alisema rangi hudanganya macho, maji ya mvua huchora mistari kwenye miamba, na yeye aliamini weupe ulibadilika kidogo kidogo kuwa weusi. "Tusigombane, binti yangu," alisema. "Saga, pima, tuone." Wakakubaliana kwamba mawe ya karibu na mstari, chini yake na juu yake, ndiyo yatakayoamua.

Mawe hayo yalifika maabara wakati mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mwanafunzi alikuwa na haraka ya kufa mtu. Kokoto hakuomba upendeleo. Mama yake mkubwa ndiye aliyejipa kazi ya kuutoa bila kuombwa. Aliichomeka mifuko ya mawe ya Kokoto mbele ya ile ya wenzake, akajiambia atayamaliza kabla hawajarudi chakula cha mchana na hakuna atakayejua. Vilikuwa vijipande vidogo vya majivu na mawe mepesi yenye vitundu, vilivyolowa mvua, vilivyostahili kulala tanurini. Aliviweka kidogo tu, akavitoa vikiwa bado na unyevu. Pampu ya upepo ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Mchanga mweupe ulikuwa umekwisha, na mwingine ulikuwa stoo ambako mtunza ufunguo alikuwa ameenda kula. Akasimama na kitambaa mkononi. Yeye huyu, wa chuma cha kulamba, akasimama akafikiri, akasema kwa sauti mle chumbani peke yake, "Kwa leo kitambaa kinatosha."

Akasaga kwa kadiri mkono ulivyokutana na mifuko, cheusi, cheupe, cheusi, akipangusa juu juu. Alipomaliza alijisikia shujaa. Jioni ile alimwambia Kokoto, "Yako yameshakwenda kwenye mashine," na binti akamrukia shingoni.

Majibu yalipotoka, Profesa alikuwa amesema kweli. Namba zilishuka ngazi kwa ngazi kutoka weupe hadi weusi, na katikati hapakuwa na pengo lolote. Kokoto aliyatazama yale majibu kwa muda mrefu, akasema, "Basi," akayakunja. Hakulia. Mama Vumbi alimhurumia kwa dhati, akamkaangia mayai, akamwambia wasomi huwa wanakosea, ndiyo kazi yao. Kosa lake mwenyewe halikuwa limempitia kichwani hata kidogo. Binadamu ni kiumbe wa ajabu kwa kusahau anachotaka kusahau.

Kilichomkumbusha ni kinu. Pampu ilipotengenezwa, alikifungua chote kwa usafi mkubwa, akang'oa mpira unaozunguka kifuniko. Chini ya mpira, pale kitambaa kisipofika, palikuwa na ukoko. Unga uliolowa ulikuwa umeshikamana na chuma ukawa mgumu, kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Aliupasua kwa ncha ya kisu, akauona ubavu wake: weusi, weupe, weusi, weupe, kila jiwe la Kokoto juu ya jiwe lingine, kwa mpangilio uleule alioyasaga. Na mahali pengine ukoko ulikuwa umebanduka. Alijua ulikokwenda. Ulikuwa umedondoka ndani ya unga uliofuata, cheusi ndani ya cheupe na cheupe ndani ya cheusi, na mashine ikaandika kijivu ambacho mlima haukuwahi kukitapika.

Aliketi kwenye kile kigoda ambacho Kokoto alikuwa akikalia utotoni, akajua pale pale la kufanya. Alipaswa kubeba lile bakuli kama lilivyo, na ukoko wake, akamwonyeshe Profesa. Badala yake aliinuka, akakwangua, akasugua, akafungulia maji, na ukoko ukaenda na bomba. Kisha akasafisha kinu kwa mchanga mara mbili, akikisugua kwa nguvu kana kwamba kinu ndicho kilichokosa.

Kuanzia siku hiyo alianza kujitia hamnazo, na hakuwa na kipaji hicho. Kokoto akiingia nyumbani, yeye alikuwa na jambo la kufanya jikoni. Mumewe alimtazama siku kadhaa, akauliza, "Wewe, umemuua nani?" Aliuliza kwa mzaha, lakini Mama Vumbi alidondosha kikombe. Akamwambia mumewe yote, akiokota vigae.

"Mwambie mtoto," mume alisema. Safari hiyo hakutania.

"Nitamwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo ulivyosema. Maneno mafupi kabisa."

Alijaribu njia ya uani kwanza. Alimkuta Kokoto maktaba, akamwambia kwa sauti ya kupita tu kwamba labda ingefaa mawe yale yarudiwe, nusu za akiba si zipo kabatini.

Kokoto aliinua macho yaliyochoka. "Yarudiwe kwa nini, mama mkubwa?"

"Basi tu. Huenda mashine ilikuwa na kasoro."

"Mashine ilikaguliwa. Unajua Profesa mwenyewe aliniuliza? Akasema, labda kinu hakikusafishwa vizuri, tusage upya. Nilikasirika, nikamwambia nakula yamini, mama yangu mkubwa hawezi kufanya hivyo, ni bora nikosee mimi. Akaomba radhi." Akatabasamu kidogo. "Kuna mtu anayesaga safi kuliko wewe?"

Mama Vumbi alijiona amevikwa kilemba cha ukoka, na aliyemvika hakujua kwamba ni ukoka. Akaaga. Hata ngazi alizishuka vibaya, akashikilia ukuta.

Lililomvunja kabisa lilikuja baada ya hapo. Kokoto alirudi kwenye ukuta wa majivu na Profesa, akakaa kutwa, akaja nyumbani na vumbi la barabarani hadi kwenye kope. Alikunywa maji, akasema, "Sikuuona tena."

"Nini?"

"Mstari. Nimesimama palepale. Niliangalia mpaka macho yakatoka machozi. Sasa naona unafifia, kama alivyosema. Nafikiri tangu mwanzo nilikuwa naona ninachotaka." Akacheka kicheko kisicho na raha. "Afadhali nimejua mapema kwamba macho yangu si ya kutegemea. Nikimaliza nitatafuta kazi ya ofisini."

Hapo ndipo Mama Vumbi alipoelewa ukubwa wa alichoharibu. Alikuwa akihesabu unga. Unga unasagwa mwingine. Mtoto aliyekuja kwake hana mama, akajifunza kuitazama dunia kwa kuinama kwenye sakafu ya maabara, alikuwa ameyakana macho yake kwa sababu ya kitambaa.

Kesho yake alitoa nusu za akiba kabatini. Alizikausha kama inavyotakiwa, akasaga vyeupe vyote kwanza, vyeusi baadaye, akatia mchanga kati ya kila kimoja, akapuliza, akapangusa, akafungua hata mpira wa kifuniko. Unga akampelekea fundi wa mashine, akamwomba apime na asiulize. Majibu yalipotoka hakuhitaji msomi wa kumsomea. Weupe ulikuwa upande huu, weusi upande ule, na katikati palikuwa patupu.

Akampelekea Kokoto chumbani kwake. Njiani alikuwa amejitengenezea uongo mzuri: kwamba alikuwa anajaribu pampu iliyotengenezwa, akachukua tu mawe yaliyokuwa karibu. Kokoto aliyasoma majibu amesimama. Akakaa. Akasimama tena. "Pengo," alisema. "Mama mkubwa, pengo lipo! Mstari niliuona! Niliuona kweli!" Alimshika mikono akamzungusha, akagonga kiti, akacheka kama zamani. Halafu akatulia. "Lakini ya kwanza, je? Kwa nini ulirudia?"

Uongo ulikuwa ulimini. Mama Vumbi aliufungulia mdomo, ukagoma kutoka.

"Ya kwanza sikusafisha kinu. Mchanga ulikuwa umekwisha, nikapangusa kwa kitambaa. Nilitaka yako yatangulie. Nilikuja kuuona ukoko, nikauosha. Nimejua muda wote huo, Kokoto. Hata siku ile maktaba nilikuwa najua."

Kokoto aliiachia mikono yake taratibu. Alikaa kitandani na majibu mapajani.

"Mwamba niliuona kwa macho yangu, nikaukana," alisema. "Wewe sikukuona ukisafisha, na nikakulia yamini."

Mama Vumbi alisema tu kwamba ataenda kwa Profesa kesho asubuhi, aseme mwenyewe, wamfanye watakavyo.

"Usiende," Kokoto alisema bila kumtazama. "Niachie mimi."

Naye akamwachia. Hili ndilo lililomsuta kuliko yote baadaye: kwamba alipoambiwa usiende, kifua chake kilishusha pumzi. Aliogopa kazi yake, aliogopa jina lake, aliogopa wanafunzi kunong'ona kitu kingine kuhusu kinu. Akajiambia binti ndiye mwenye tasnifu na ndiye anayejua njia nzuri. Kokoto alihamia hosteli kumalizia kuandika. Alipiga simu kumsalimu baba mkubwa, akauliza hali za nyumbani, akakata.

Siku ya kutetea tasnifu, Mama Vumbi alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akaketi safu ya nyuma kabisa. Alikuwa amefagia ukumbi ule mara nyingi enzi za kuanza kazi, lakini hakuwahi kukaa ndani yake. Mbele kulikuwa na meza ya watahini, Profesa na miwani yake ya uzi, na mwenyekiti, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa na kengele ndogo. Kokoto alisimama na koti la kuazima. Alionyesha picha ya ukuta, akaonyesha mstari kwa kijiti, akaeleza magma mbili, ile iliyokuwa imekaa na ile iliyoingia kutoka chini ikauamsha mlima. Sauti yake ilikuwa imara. Mama Vumbi alisahau dhambi zake kwa muda, akajikuta anatikisa kichwa kwa fahari.

Kisha mtahini mmoja akainua karatasi. "Katika ripoti yako ya awali ulisema mabadiliko ni ya polepole. Sasa unasema kuna pengo. Mawe ni yaleyale. Tuamini lipi?"

"Sampuli za kwanza zilichafuka wakati wa kuandaliwa," alisema. "Msimamizi wangu alinitahadharisha, nikakataa zirudiwe. Sikuhakikisha usafi wa kinu. Ni uzembe wangu."

"Uzembe mkubwa," mtahini alisema, akaandika kitu. "Mtafiti asiyejua unga wake umetoka wapi tumwamini kwa lipi lingine?"

"Nakubali," Kokoto alisema. Hakutazama nyuma. Profesa alivua miwani, akaifuta, akatazama meza.

Mama Vumbi alijikuta amesimama. Kiti kilijikunja kwa kishindo nyuma yake na watu wakageuka. Mkono alikuwa ameuinua juu kama mtoto wa shule.

Mwenyekiti alimwangalia juu ya kengele yake. "Mama, wageni wanauliza maswali mwishoni."

"Sina swali," alisema Mama Vumbi. "Mimi ndiye niliyesaga."